Kiharusi: masaa manne na nusu tunayoyapoteza kabla ya kufika getini

Leo naomba tuache kidogo siasa na mpira. Najua kuna mtu atasema "dogo, wewe umeishia kidato cha sita, mambo ya udaktari yanakuhusu nini?" Jibu langu ni fupi: mimi si daktari na wala sijifanyi daktari. Ila mgonjwa wa kiharusi hakutwi na daktari. Anakutwa na mke wake, na mtoto wake, na jirani, na konda wa daladala. Anakutwa na mimi na wewe. Na katika ugonjwa huu, yule anayemkuta wa kwanza ndiye ana kazi kubwa kuliko wote.

Naanza na yaliyotukuta nyumbani. Sitataja hospitali wala zahanati, maana lengo si kumchafua mtu.

Mjomba wangu ni fundi cherehani hapa Dar. Suti, mashati ya sare, magauni ya harusi, vyote vimepita mkononi mwake. Mwaka juzi, kipindi cha masika, akiwa na miaka 51, aliamka kama kawaida, akaswali, akakaa kunywa chai. Saa 12 na robo asubuhi kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Mke wake alipogeuka akaona mdomo umeenda upande. Akamuuliza "una nini?", mjomba akajibu kitu ambacho hakikueleweka, kama mtu aliyelewa, na mjomba pombe hajawahi kugusa.

Sasa nawaomba muifuate saa pamoja nami, maana habari yote iko hapo.

Kuanzia saa 12 na robo mpaka saa 1 na dakika 40 tulikuwa nyumbani. Majirani walijaa. Mmoja akasema ni upepo mbaya, asiguswe mpaka asomewe. Mwingine akaleta mafuta ya nyonyo wakamchua mkono. Mwingine akasema apewe maji ya sukari. Simu zikapigwa Tanga na Morogoro kuomba ushauri kwa wazee. Saa 1 na dakika 25 zimekwenda.

Kisha tukampeleka duka la dawa. Wakampima presha, ikawa juu sana. Wakatuuzia kidonge, wakasema awekewe chini ya ulimi, tusubiri kishuke. Dakika 50.

Saa 2 na nusu tuko zahanati. Tukafungua kadi, tukalipia, akatundikiwa dripu. Mganga alikuwa mmoja na wagonjwa wamejaa benchi. Alipomfikia akaandika barua: nendeni hospitali kubwa. Saa 1 na dakika 40.

Saa 4 na dakika 10 tumepata bajaji. Mvua imenyesha, barabara imefunga. Tukaingia getini saa 5 na dakika 10.

Jumla kutoka kikombe kudondoka mpaka getini: masaa 4 na dakika 55.

Ndani ya geti nako hatukukimbizwa. Faili, dirisha la malipo, foleni. Daktari alimwona saa 7 mchana na picha ya kichwa ikapigwa saa 9 na dakika 20. Daktari yule, kijana tu, aliuliza swali moja ambalo sitalisahau: "Ilianza saa ngapi hasa?" Kila mtu akasema lake. Mke wa mjomba pekee ndiye aliyekuwa na jibu, na yeye alikuwa ameachwa nje ya geti kwa sababu ndugu walioruhusiwa kuingia walikuwa wawili tu.

KWA NINI MASAA MANNE NA NUSU?

Kiharusi kiko cha aina mbili kubwa. Cha kwanza, mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo unaziba, mara nyingi kwa bonge la damu iliyoganda. Cha pili, mshipa unapasuka na damu inavujia kwenye ubongo. Vyote viwili kwa nje vinafanana. Huwezi kuvitofautisha kwa macho, wala daktari hawezi kwa kumwangalia tu. Inatakiwa picha ya CT-Scan.

Ukizibika mshipa, sehemu ya ubongo inakosa hewa na chakula, inaanza kufa. Daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu akaichapisha mwaka 2006: kwenye kiharusi cha kuziba mshipa mkubwa kisichotibiwa, mgonjwa anapoteza kwa wastani seli za ubongo milioni 1.9 kila DAKIKA.

Wewe uliyekaa kafe sasa hivi unaielewa hii vizuri kuliko mtu yeyote. Angalia pale kwenye kona ya skrini, ile saa inayohesabu kurudi nyuma. Umelipia nusu saa, na hata kama ukurasa haujafunguka, hata kama umeme umecheza, dakika zinakatwa tu. Ubongo nao unakatwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba huku huwezi kwenda kaunta kuongeza mia tano.

Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba dawa ya kuyeyusha bonge la damu, iitwayo alteplase, ikitolewa ndani ya masaa matatu tangu dalili zianze, wagonjwa wengi zaidi wanabaki bila ulemavu au na ulemavu kidogo sana. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa kule kwa kazi hiyo. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza mpaka masaa manne na nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi.

Lakini hata ndani ya masaa hayo, mapema na baadaye si sawa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 uliunganisha majaribio mengi. Dawa ikitolewa ndani ya masaa matatu, kati ya wagonjwa 100 kuna kama 10 wa ziada wanaopona vizuri kuliko wasipopewa. Ikitolewa kati ya masaa matatu na manne na nusu, wa ziada ni kama 5. Nusu wamepotelea njiani!

Na si dawa ya mchezo. Kwenye ule utafiti wa 1995, waliopata damu kuvuja kichwani na hali kuwa mbaya walikuwa asilimia 6.4 kwa waliopewa dawa, na asilimia 0.6 kwa wasiopewa. Ndiyo maana lazima picha ipigwe kwanza. Mwenye mshipa uliopasuka ukimpa dawa ya kuyeyusha damu, umemmaliza. Na ndiyo maana hata aspirini hutakiwi kumpa nyumbani, kwa sababu hujui ni aina ipi.

Kwa mishipa mikubwa iliyoziba kuna njia nyingine, kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa na kulivuta bonge. Majaribio ya mwaka 2015 yaliithibitisha, na mwaka 2018 ikaonekana kwamba wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha maalum wanaweza kusaidika mpaka masaa 24. Kwa hiyo hata aliyechelewa apelekwe tu, usiseme "basi tena". Ila tusijidanganye, huduma hiyo kwa Mtanzania wa kawaida bado iko mbali.

Sasa rudi kwa mjomba. Kikombe kilidondoka saa 12 na robo. Masaa manne na nusu yalitimia saa 4 na dakika 45. Saa hiyo sisi tulikuwa ndani ya bajaji, tumeganda kwenye foleni, nimempakata kichwa, tunabishana na dereva apite wapi.

Picha ilionyesha mshipa umeziba, haukupasuka. Yaani alikuwa wa ile aina.

"DOGO, HATA MNGEWAHI, DAWA INGEKUWEPO?"

Najua swali hili litakuja kwenye maoni, basi nalijibu kabisa. Huenda isingekuwepo. Ni dawa ghali na haipatikani kila hospitali. Lakini wanaosema "kwa hiyo kuwahi hakuna faida" wanakosea, na wanakosea vibaya.

Nchini Australia walifanya utafiti kwenye wodi za kiharusi, ukachapishwa mwaka 2011. Manesi wa kundi moja walipewa utaratibu wa mambo matatu: fuatilia homa na uishushe, fuatilia sukari kwenye damu na uitibu, na mpime mgonjwa kama anaweza kumeza KABLA hajapewa chakula wala maji. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42. Kwenye wodi ambazo hazikuwa na utaratibu ule walikuwa asilimia 58. Kipimajoto, kipimo cha sukari na nesi mwenye uangalizi! Hakuna hapo mashine ya mabilioni.

Hilo la kumeza linaniuma. Kiharusi kinaweza kulegeza koo, chakula kikaingia njia ya hewa. Sisi siku ile jioni, kwa upendo kabisa, tulimpelekea mjomba uji. Akapaliwa, akakohoa sana. Siku ya tatu akawa na nimonia. Hakuna aliyekuwa ametuambia tusimpe, na sisi hatukuuliza. Alilazwa wiki tatu badala ya moja.

UKUBWA WA TATIZO HAPA KWETU

Kuna watu wanafikiri kiharusi ni ugonjwa wa wazungu na wazee. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na hapa Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baada ya kulinganisha umri, Hai walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar walipata 315.9. Karibu mara tatu! Na kiwango hicho cha Dar kilikuwa juu kuliko nchi nyingi tajiri.

Watafiti hao hao na wenzao waliwauliza pia watu wanaamini nini. Hai wengi walitaja presha, mafuta kwenye chakula na mawazo. Dar wengi walitaja mapepo na uchawi. Fikiria, sisi wa mjini wenye hospitali kubwa karibu ndio tunaokwenda kwanza kwa mtaalam wa majini! Sisemi mtu asiombewe. Mimi mwenyewe nilisoma dua ndani ya bajaji. Nasema ombeni mkiwa njiani, msikae nyumbani kuomba kwanza.

Na mzizi mkubwa ni presha. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 25 mpaka 64 nchini, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na wengi hawakujua. Presha haiumi. Mjomba alikuwa hajawahi kupimwa hata mara moja, kazi yake ni kupima viuno vya watu tu.

Vijana nasi tusijione tumepona. Watoto na vijana wenye selimundu wanapata kiharusi, na Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Wakubwa pia hawakwepi. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia alipatwa na kiharusi Juni 2008 akiwa Sharm el-Sheikh kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, akapelekwa Ufaransa, akafariki Agosti mwaka huo. Ali Bongo wa Gabon alipatwa Oktoba 2018 akiwa Riyadh, akapona nusu nusu, na nchi nzima ikaanza kubishana kama anaweza kutawala, mpaka alipopinduliwa mwaka 2023. Wote wawili walikuwa na miaka 59 kilipowapata.

SERIKALI IMEFANYA NINI, NA WAPI PAMEBAKI?

Tuwe wakweli, kuna mambo yamefanyika. Januari 2010 Muhimbili walifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, ya kwanza ya aina yake kwenye hospitali ya umma nchini, na mwaka huo huo chuo cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura. Zile fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ilinunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Zamani mgonjwa wa mkoani alilazimika kusafirishwa usiku kucha kufuata picha. Na Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Pongezi zinastahili.

Lakini mdau, hebu angalia vizuri. Karibu yote hayo yako NDANI ya geti. Mashine iko ndani, bingwa yuko ndani. Masaa 4 na dakika 55 ya mjomba yalikwisha NJE ya geti. Tumenunua mashine inayotaka mgonjwa afike mapema, hatujanunua kitu cha kumfikisha mapema. Ni sawa na kununua kompyuta mpya kumi za kafe halafu ukasahau kulipia intaneti.

Hoja yangu ni kwamba kazi iliyobaki si ghali sana, na sehemu yake tayari tunayo. Mambo matatu.

La kwanza, usafiri. Mnaujua mfumo wa m-mama? Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, mwaka 2022 ukazinduliwa ili uenee nchi nzima. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa namba 115, bure. Kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo kinamwita dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa, anampeleka mama, analipwa kwa simu. Dereva wa kawaida! Kama tumeweza kwa mama mjamzito, kwa nini tusiongeze mlango wa pili kwa ajili ya kiharusi? Sisemi tuwanyang'anye akina mama nafasi yao. Nasema njia imeshachongwa, tuipanue. Na kituo kile kikimtuma dereva, kiseme pia aende hospitali ipi, yenye CT-Scan inayofanya kazi saa hiyo, ili watu wasizunguke zahanati mpaka zahanati kama sisi.

La pili, mapokezi. Mji wa Helsinki, Finland, mwaka 1998 walikuwa wanatumia wastani wa dakika 105 tangu mgonjwa aingie hospitali mpaka apewe dawa. Mwaka 2011 walikuwa wamefika dakika 20. Walibadilisha mpangilio hatua kwa hatua: gari la wagonjwa linapiga simu kabla halijafika, taarifa za mgonjwa zinaandaliwa akiwa njiani, na akifika anasukumwa moja kwa moja kwenye picha juu ya machela ile ile. Sisi si Finland, naelewa. Lakini karatasi ya A4 ukutani pale mapokezi, inayosema "mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki: MPITISHE, faili baadaye", inahitaji bajeti ya Finland?

La tatu, maduka ya dawa na zahanati. Watanzania wengi tunaanzia hapo na tutaendelea kuanzia hapo. Basi wafundishwe jambo moja tu, kutuondoa haraka. Kile kidonge cha kushusha presha ghafla tulichouziwa, daktari alitikisa kichwa aliposikia. Alitueleza kwamba mshipa ukiwa umeziba, ile presha ya juu mara nyingine ndiyo inayosukuma damu kidogo ifike sehemu inayokufa. Ukiishusha kwa pupa unaweza kuongeza uharibifu. Muuza dawa yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia.

SASA WEWE UFANYE NINI

Kumbuka UMMM, kama mtu anavyoguna akiona mambo hayajakaa sawa.

1. USO. Mwambie atabasamu. Upande mmoja umeshuka?

2. MKONO. Mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele na kuishikilia. Mmoja unashuka wenyewe, au haunyanyuki kabisa?

3. MANENO. Mwambie aseme sentensi rahisi, kwa mfano "leo nimeamka mapema kwenda kazini". Usimpe vile vitanza ndimi, hivyo hata mzima vinamshinda. Je, anakokota maneno, anachanganya, au haelewi unachosema?

4. MUDA. Ukiona hata dalili MOJA tu, angalia saa na uandike. Muhimu si saa uliyomkuta, ni saa ya mwisho alipoonekana mzima. Kama alilala mzima saa 4 usiku akaamka hivyo, saa ya kuandika ni ile 4 usiku. Kisha ondokeni.

Ongeza na hizi: kupoteza ghafla kuona jicho moja au yote, kupepesuka ghafla, kichwa kuuma ghafla kuliko maisha yake yote. Neno kubwa hapo ni GHAFLA.

Mkiwa mnaondoka: mlaze kwa ubavu, hasa kama anatapika au hana fahamu vizuri. Usimpe chochote mdomoni, si maji, si chai, si uji, si kidonge. Chukueni dawa zake zote mziweke kwenye mfuko. Akiwa na kisukari semeni mara moja, maana sukari ikishuka sana inaweza kuigiza kiharusi, na kipimo chake ni tone la damu na dakika moja. Aliyemwona wa kwanza AENDE NA MGONJWA. Bodaboda mwepukeni, mtu aliyelegea upande mmoja ataanguka. Bajaji, teksi, gari la jirani, hata kirikuu, ilimradi alale na ashikwe.

Ile meseji inayozunguka kwenye simu, kwamba umtoboe vidole kwa sindano damu itoke, ni uongo. Ifuteni. Inakula dakika.

Na dalili zikija zikaondoka zenyewe baada ya dakika chache, usishukuru ukarudi kulala. Hicho ni kiharusi kidogo, na kile kikubwa kinaweza kufuata, hatari ikiwa juu zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Mke wa mjomba alikumbuka baadaye kwamba Jumapili, siku mbili kabla, mkono ule ule ulimfa ganzi kama robo saa, wakacheka kwamba ameulalia.

MWISHO

Mjomba yupo hai, namshukuru Mungu. Anatembea na fimbo. Anaongea taratibu na ukiwa na subira utamwelewa. Mkono wa kulia haujarudi. Dukani anakaa kwenye kiti chake kile kile, kijana aliyemfundisha ndiye anayekata vitambaa, na mjomba anamwonyesha kwa mkono wa kushoto pa kupitisha chaki. Wateja wengine wamehama. Binti yake wa kidato cha tatu alikosa shule muhula mzima kwa sababu ya ada na kumuuguza.

Hakuna mtu hata mmoja katika ile asubuhi aliyekuwa na nia mbaya. Aliyeleta mafuta alimpenda, aliyesoma dua alimpenda, na mimi niliyemshika kwenye bajaji nilimpenda. Tulikuwa watu kama kumi na tano, kati yetu wenye vyeti vya kidato cha nne hawapungui sita, na hakuna aliyejua UMMM. Tulisoma biolojia, tulichora ubongo na kuweka lebo zote. Mtihani ukatukuta nyumbani, tukafeli.

Kabla dakika zako za kafe hazijaisha, fanya kitu kimoja. Chukua karatasi uandike yale maneno manne: uso, mkono, maneno, muda. Bandika pale nyumbani mnapoweka funguo. Halafu uliza leo hii, hospitali ipi karibu na kwenu ina CT-Scan inayofanya kazi usiku. Usisubiri siku ya kuhitaji.

Maoni yanakaribishwa hapo chini, kama kawaida matusi nafuta. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wadau manesi, madereva wa m-mama na wenye maduka ya dawa: kwenu mambo yakoje? Na kama kuna nilipokosea kwenye upande wa kitabibu, madaktari mliopo humu nisahihisheni, nitaandika marekebisho juu kabisa ili kila mtu ayaone.

Tuko pamoja.